Come From Away, na jina la simba wa Kings: uzoefu wangu

Swali la mwanangu ndilo lililonifikisha kwenye tamthilia hii ya nyimbo, Come From Away. Tulikuwa uwanjani, mechi ya Los Angeles Kings, timu ya hoki ya barafu, ikiwa mapumziko ya kwanza, na yule simba wa timu, mtu aliyevaa vazi la simba kuchangamsha mashabiki, alikuwa akipanda ngazi huku akiwapa watoto mkono. Mwanangu akanivuta jezi. "Mama, kwa nini simba anaitwa Bailey? Hilo si jina la simba." Nikamwambia ni jina la mtu. "Yuko wapi?" Nikamjibu tutaongea nyumbani.

Mimi ni shabiki wa Kings tangu Juni 2012, timu ilipobeba Kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa hoki, kwa mara ya kwanza tangu ianze mwaka 1967. Kwa hiyo jibu nilikuwa nalo. Nilichokosa ni namna ya kumpa mtoto wa miaka tisa.

Mtu mwenyewe ni Garnet Bailey, ingawa karibu kila mtu alimwita Ace. Alizaliwa Lloydminster, Saskatchewan, nchini Kanada. Alishinda Kombe la Stanley mara mbili akiichezea Boston Bruins, 1970 na 1972, na alipokuwa anakaribia kustaafu kule Edmonton alilala chumba kimoja na kijana anayeanza kazi, akamlea kama mdogo wake. Kijana huyo alikuwa Wayne Gretzky, aliyekuja kuwa nyota mkubwa wa hoki. Baadaye Ace akawa mmoja wa wakubwa wa kusaka vipaji wa Kings. Asubuhi ya 11 Septemba 2001, yeye na msaka vipaji mwenzake, Mark Bavis, walipanda ndege ya United namba 175 kutoka Boston kuja huku Los Angeles, kambi ya mazoezi ikiwa inafunguliwa. Ndege hiyo, ikiwa imetekwa, ndiyo iliyopiga mnara wa kusini wa World Trade Center, New York, saa tatu na dakika tatu. Ace alikuwa na miaka 53, Bavis 31. Kings walipopata simba wao mwaka 2007, wakampa jina la Ace.

Sikutaka mwanangu akutane na siku ile kwa kuona majengo yakianguka. Dada mmoja tunayekaa naye safu moja uwanjani ndiye aliyenishauri. "Mama Juma, muoneshe Come From Away. Iko Apple TV, ile huduma ya kulipia ya kutazama filamu mtandaoni. Ianze wewe kwanza."

Nikaianza mimi. Ni rekodi ya jukwaani, imepigwa Mei 2021 katika ukumbi wa Gerald Schoenfeld, Broadway, mbele ya watazamaji ambao baadhi yao ni manusura wa siku ile. Ilitoka 10 Septemba 2021, siku moja kabla ya kutimia miaka ishirini. Waandishi wake ni mke na mume kutoka Kanada, Irene Sankoff na David Hein, waliokwenda Gander, Newfoundland, mwaka 2011 kuwasikiliza waliohusika, wenyeji na abiria waliorudi kuwatembelea. Kisa kinajulikana: anga ya Marekani ilipofungwa, ndege 38 zilitua Gander, zikiwa na watu karibu 7,000, katika mji wenye wakazi wasiozidi sana 9,000. Wageni wakakaa siku kadhaa wakilishwa, wakivishwa, wakilazwa mashuleni na makanisani.

Waigizaji ni kumi na wawili tu, na kila mmoja ni mwenyeji na abiria kwa wakati mmoja. Anageuza kofia, anavua koti, amekuwa mtu mwingine. Viti vilevile ni ndege, halafu ni basi, halafu ni baa. Wapigaji muziki wako palepale jukwaani na fidla zao na ngoma ya mkono, na mwisho, waigizaji wakishainama na kuaga, wao wanaendelea kupiga kwa nguvu hadi mtu unashindwa kukaa. Kwa muda wa dakika mia moja na kidogo hakuna mapumziko.

Nilikuwa nimejiandaa kulia mahali pengine. Nililia kwenye uwanja wa hoki.

Wenyeji walipika mno. Majokofu yakajaa, chakula kikakosa pa kuwekwa, basi kikapelekwa kwenye uwanja wa barafu wa mji na kupangwa juu ya barafu yenyewe. Uwanja ukageuka jokofu. Kwenye tamthilia jambo hili linapita upesi, mstari mmoja, watu wanacheka, hadithi inasonga mbele. Mimi nilisimamisha rekodi. Aliyewahi kuingia uwanja wa barafu wa mji mdogo anajua ile harufu ya glavu zilizolowa, baridi inayokung'ata puani, na kelele za puki, kile kisahani kigumu wanachokipiga wachezaji, ikigonga mbao. Mtoto wa Saskatchewan kama Ace hukulia humo. Nikaona masufuria ya mchuzi yamepangwa kwenye duara la katikati, pale mwamuzi anapodondosha puki kuanzisha mechi. Siku zilezile ambazo watu wa hoki walikuwa wanapigiana simu kuulizana kama kweli Ace na Mark walikuwa kwenye ile ndege, uwanja wa hoki ulikuwa unatunza chakula cha watu wasiojulikana hata majina. Nilikaa na wazo hilo muda mrefu kabla ya kuendelea.

Kuna tukio jingine ambalo msomaji wa Kiswahili atalipokea kwa namna yake. Abiria waliotoka Afrika wanapandishwa basi usiku, hawajui Kiingereza, wanaowapokea wamevaa sare, na hofu imewajaa. Dereva hana lugha ya kuwatuliza. Anaiona Biblia mikononi mwa mama mmoja. Hawezi kuisoma, lakini anajua sura na aya zina namba zilezile. Anafungua Wafilipi 4:6, anaonesha kwa kidole. Sisi tunaijua kwa maneno haya: "Msijisumbue kwa neno lolote." Hapo nilimkumbuka bibi yangu, ambaye aya hiyo aliisema karibu kila siku.

Jenn Colella anamwigiza Beverley Bass, aliyekuwa mwanamke wa kwanza kuwa rubani mkuu katika American Airlines, na wimbo wake peke yake unatosha kulipia mwezi mzima. Anaanza na furaha ya msichana aliyetaka kuruka, na unajua kabisa wimbo unaelekea wapi, lakini ukifika bado unakata pumzi. Q. Smith ni Hannah, mama anayengoja habari za mwanawe zimamoto. Huyo sitamsimulia.

Sasa nisiporidhika nako. Hadithi ya Ali, Mwislamu ambaye abiria wenzake wanamtazama kwa shaka na mwishowe anapekuliwa mwili mzima kabla ya kuruhusiwa kupanda ndege, imepewa nafasi ndogo mno. Caesar Samayoa anaibeba kwa heshima kubwa, anasimama pale na aibu yote iko usoni, kisha nyimbo zinamfunika. Nilitamani jukwaa linyamaze kidogo. Wema wa Gander ni wa kweli, na aliyotendewa yule mtu nayo ni ya kweli. Yangeweza kukaa pamoja bila haraka. Pia lafudhi ya Newfoundland si nyepesi, maneno yanakimbia, kwa hiyo washa maandishi chini ya skrini tangu mwanzo. Kwa wenye watoto: kuna lugha kali hapa na pale na kuna unywaji baa, ila hakuna picha ya kutisha.

Baada ya kuitazama nilirudi kwenye mechi moja ambayo mashabiki wa zamani huisimulia. 20 Septemba 2001, Philadelphia, timu za hoki za Flyers na Rangers wanacheza mechi ya kabla ya msimu. Wakati wa mapumziko uwanja unaonesha hotuba ya rais mbele ya bunge, kisha inakatwa ili kipindi cha tatu, yaani cha mwisho, kianze. Watazamaji wakazomea, wakitaka hotuba irudishwe. Ikarudishwa. Wachezaji wa timu zote mbili wakakaa kwenye mabenchi yao wakitazama juu. Ilipokwisha, kipindi cha tatu hakikuchezwa kabisa. Mbili kwa mbili, wakapeana mikono, wakaenda nyumbani. Naipenda habari hii kwa sababu ileile ninayoipenda tamthilia: watu walikuwa na ratiba, wakaiweka chini. Madereva wa mabasi wa Gander walikuwa kwenye mgomo siku ile, nao wakaacha mgomo wao wakaenda kubeba wageni.

Mwanangu aliitazama nami Jumamosi moja. Alicheka sana watu walipombusu samaki ili wawe wenyeji wa Newfoundland. Kwa Hannah alinisogelea, hakusema kitu. Mwishoni nilimwonesha picha ya Ace akiwa kijana na jezi ya Bruins, nikamweleza kuhusu ndege, kwa maneno machache. Akauliza wale watoto wa Gander walicheza wapi hoki wiki ile. Nikamwambia barafu ilikuwa na chakula cha wageni.

"Basi walingoja," akasema.

Mechi iliyofuata tulitafuta viti karibu na ngazi. Simba alipotufikia na kunyoosha mkono, mwanangu alisimama, akainamisha kichwa kidogo kama anavyofanya kwa babu yake, akasema, "Shikamoo, Ace."