Presha ya Maji Kwenye RV: Regyuleta Hii ya Shaba Yenye Geji Inafaa?

Habari zenu watazamaji, karibuni. Leo nina regyuleta mbili za maji hapa mezani, yaani vifaa vya kupunguza presha ya maji yanayoingia garini, na nawalenga hasa ndugu zetu mlioko Marekani na Kanada mnaosafiri au kuishi kwenye RV, yale magari yenye nyumba ndani. Umeegesha kambini, umeunga mpira kwenye bomba la nje, unaingia kuoga, na maji yanachuruzika tu. Inaudhi, hasa ukiwa na watoto wanaosubiri zamu.

Usikimbilie dukani kwanza. Funga bomba la kambi, washa pampu yako ya volti 12, tumia maji ya tangi. Yakitoka kwa nguvu, ndani ya gari kuko salama na tatizo liko nje: mpira uliojikunja, chujio lililoziba, kile kiwavu kidogo pale mpira unapoungwa kwenye gari, au regyuleta. Yakiwa hafifu kwa njia zote mbili, tafuta ndani. Ni koki moja tu? Fungua kichujio cha mdomoni mwake, kiloweke kwenye siki, chokaa itaachia. Maji ya moto peke yake? Kagua vali za hita.

Haya, regyuleta. Hii ndogo, ya kama dola 10, ndiyo wengi wetu tunayo. Haina geji, yaani kipimo cha presha chenye sindano, wala pa kurekebishia, na ukichungulia ndani utaona njia ya maji ilivyo nyembamba. Hapo ndipo watu wanapodanganyika. Ukiipima kwa geji ya pembeni koki zote zikiwa zimefungwa, presha inaonekana nzuri kabisa, 40 au 50 psi (psi ni kizio cha presha). Fungua shawa, halafu mwenzako afungue koki ya jikoni: sindano inaporomoka, kwa sababu maji mengi hayawezi kupita pale kwa wakati mmoja. Kwa hiyo soma geji maji yakiwa yanatiririka. Usomaji wa koki zilizofungwa haukuambii utaogaje.

Hii kubwa, yenye geji na skrubu, hugharimu kati ya dola 30 na 50 hivi. Njia yake ni pana, na sindano hushuka kidogo tu ukifungua koki mbili. Kukaza skrubu kunaongeza, kulegeza kunapunguza. Mimi huiacha karibu na 50. Mabomba ya RV nyingi yanaridhika kati ya 40 na 60. Tafadhali, msiondoe regyuleta kabisa ili mpate maji mengi! Kuna kambi zinazopita 100 psi, na kiungo kikiachia usiku sakafu inaloa yote.

Ifunge pale kwenye bomba la kambi, kabla ya mpira. Hivyo mpira nao unalindwa, na uzito wa shaba hauning'inii kwenye kiungo cha plastiki cha gari. Chujio lifuate baada yake. Kwenye pakiti tafuta maneno yanayosema haina risasi, ile metali yenye sumu (lead): tangu Januari 2014 sheria ya Marekani inataka sehemu zinazoguswa na maji ya kunywa zisizidi asilimia 0.25 ya risasi kwa wastani. Kasoro yake kubwa ni baridi: maji yakiganda ndani, inapasuka. Ifungue na uimwage maji kabla ya usiku wa barafu.

Basi, ninaipendekeza, ila kwa sharti moja. Regyuleta hupunguza presha, haiongezi. Kama bomba la kambi lenyewe linatoa 25, hata ya dola 50 haitakusaidia. Hapo jaza tangi, funga bomba la nje, oga kwa pampu. Pampu nyingi za RV zinasukuma karibu lita 11 kwa dakika na kujizima zikifika 55 psi, na hiyo inatosha kabisa kuoga vizuri.