Unataka viungo freshi ndani ya nyumba? Nunua kwa mpangilio huu

Wengi wakitaka kuotesha viungo ndani wanakimbilia kununua mche kwanza halafu ndo wanaanza kutafuta pa kuuweka. Geuza hiyo. Anza na mwanga. Mrehani, taimu na rozimari zinataka jua la moja kwa moja kama masaa 6 kwa siku, na dirisha linalokutosha wewe kusoma bado linaweza kuwa giza kwa mmea, utaona tu shina linarefuka jembamba linainamia kioo, majani yanatoka madogo na harufu haipo. Kama dirisha lako liko hivyo basi hela ya kwanza iende kwenye taa. LED nyeupe ya kawaida inafaa kabisa, si lazima zile za mwanga wa zambarau, iweke sm 15 hadi 30 juu ya majani iwake masaa 12 mpaka 16, na ukipata taima ya kuchomeka kwenye soketi chukua, itakuondolea kazi ya kukumbuka kila siku.

Haya, mimea yenyewe sasa. Mimi naipanga hivi.

Namba 1: vipande vya shina. Hapa ndo hela yako inafanya kazi kuliko kwingine kote na nashangaa watu wanaparuka. Fungu la nanaa la kupikia tayari ni mimea kadhaa! Chagua shina bichi lisilo na maua, likate chini kidogo ya kifundo, yaani pale majani yanapotokea, toa majani ya chini yasizame, liweke kwenye glasi ya maji na ubadilishe maji kila baada ya siku mbili. Wiki moja hadi mbili unaona mizizi myeupe inachomoza hapo hapo kwenye kifundo, ikifika sm 2 au 3 hamishia kwenye udongo usichelewe. Mrehani nao ni hivyo hivyo. Mchaichai chagua wenye kitako kamili chini, ule uliokatwa juu juu hautoi kitu.

Namba 2: mche wa kitaluni. Huu ni kwa ajili ya rozimari na taimu hasa, maana mbegu za rozimari zinaota kwa kusuasua na nyingi hazioti kabisa, mche ni hela ya halali. Ila kagua kabla hujalipa: geuza jani uangalie mgongoni kama kuna vidukari, inzi weupe au utando mwembamba wa utitiri, halafu nusa udongo, ukinuka uozo rudisha. Kati ya mche mrefu wenye maua na mfupi uliotanuka matawi, chukua mfupi.

Namba 3: mbegu. Kwa dhania hii inapanda iwe namba 1, dhania ina mzizi mmoja mrefu wa katikati na haipendi kuhamishwa, ukiusumbua mara nyingi inakimbilia kutoa maua na majani yanaisha, kwa hiyo mche wa dhania usinunue. Ile punje ya mviringo ina mbegu mbili ndani, ibonyeze taratibu igawanyike, panda kwenye chombo chenye kina cha sm 20 na ibaki hapo hapo. Pasli inaweza kuchukua wiki 3 au 4 kuchomoza, usiifukue. Angalia tarehe kwenye pakiti.

Namba 4: vikopo vya supamaketi. Vinapendeza kwa macho, lakini mrehani wa namna hiyo ni miche mingi imesongamana kwenye kikopo kimoja inagombania maji. Nunua kama uko tayari kuigawa wiki hiyo hiyo kwenye vyombo vitatu au vinne, la sivyo hesabu umenunua majani tu.

Namba 5: mashine ya haidroponiki, yaani ya kuotesha kwenye maji bila udongo, yenye taa na pampu yake. Inakuza haraka kweli, sikatai, ila bei yake ni kubwa, nafasi za mimea chache na vile vikopo vyao vya mbegu vya kujazia unaendelea kuvinunua. Kwa nyumba isiyo na dirisha la maana na mtu asiye na muda wa kumwagilia ninaielewa.

Tangawizi na manjano sijaziweka kwenye orodha maana ni miezi 8 mpaka 10 na chombo kipana, kama una subira chukua tunguu lenye macho yaliyovimba.

Chombo chochote lazima kiwe na matundu chini, hilo halina mjadala. Cha udongo wa kuchoma kinakauka haraka kwa hiyo kinafaa rozimari na taimu, cha plastiki kinatunza unyevu, wape nanaa na mrehani. Nanaa ikae peke yake, ukiichanganya inameza wenzake wote. Na udongo wa uani usiuingize ndani ukiwa mtupu, ndani ya chombo unashikana unakuwa mgumu, changanya na mboji na kokopiti (unga wa makumbi ya nazi) au nunua ule uliochanganywa tayari.