King'amuzi cha bei nafuu kwenye runinga ya inchi 32

Ving'amuzi vya DVB-T2 (matangazo ya dijitali ya antena) vya madukani Kondele, Kisumu, vinatosha kabisa, mradi usiviache kwenye 576i, mpangilio wa picha wa ubora wa chini. Angalia kwanza idadi ya nukta za skrini kwenye kitabu cha runinga au kibandiko chake, kama imeandikwa. Ikiwa ni 1366×768, chagua 720p kwa 50Hz (picha 50 kwa sekunde) kwenye menyu ya king'amuzi. Ukiweka 1080i, inayotuma kila picha kwa nusu mbili, runinga nyingi hulazimika kuunganisha nusu hizo kisha kupunguza ukubwa wa picha, na maandishi ya habari yanayopita chini hutetemeka. Ikiwa ni 1920×1080, weka 1080p, ila bado 50Hz: matangazo yetu hayaji kwa 60, na ukilazimisha, mpira wa Gor Mahia utarukaruka hata pasi ikiwa safi. Skrini ikiwa nyeusi baada ya kubadilisha? Chomeka waya wa AV, ule wa njano, nyekundu na nyeupe, urudishe mpangilio. Waya wa HDMI, unaounganisha king'amuzi na runinga, uwe mfupi, mita 1.5 hivi.