Altezza ya kona za Manyovu: ununue nini kwanza

Ukishapita Mwandiga, mkoani Kigoma, barabara ya Manyovu inaanza kupanda na kukunja, na ukifika Kalinzi, kwenye migomba na kahawa, mikono inakuwa na kazi kweli. Mwenye Toyota Altezza au Subaru Impreza akifika hapo ndipo anapokumbuka kwa nini hakununua Noah. Lakini hakuna anayeishi juu ya lami. Shemeji yako yuko kijijini, na kwenda kwake ni kuacha lami, kushika udongo mwekundu, changarawe na makorongo ya masika. Gari hilohilo liweze vyote viwili.

Wengi wanaanza na springi fupi ili gari likae chini. Mimi nilianza hivyohivyo, kwa hiyo orodha hii ni ya mtu aliyekwishalipa ada.

Namba moja ni matairi, na hainunuliwi kitu kingine kabla ya hayo. Altezza RS200 zenye rimu za inchi 17 zilitoka kiwandani na 215/45R17. Hesabu yake ni nyepesi: 215 ni upana kwa milimita, 45 ni asilimia ya upana huo, kwa hiyo ubavu wa tairi una urefu wa milimita 97 hivi. Ukishuka kwenye rimu ya inchi 16 na tairi la 205/55, ubavu unafika milimita 113, na kimo cha tairi zima kinaongezeka kama milimita 6 au 7 tu, spidomita haisumbuki. Hizo milimita 16 za mpira ndizo zinazokuokoa rimu ukidumbukia shimo usiloliona. Kwenye lami utasikia usukani umekuwa mzito kidogo wa kujibu ukiingia kona. Ukiendesha siku tatu unazoea.

Rimu zitafute zenye matundu matano ya boliti kwenye duara la milimita 114.3. Za Impreza nyingi ni 100, zinafanana kwa macho ila haziingii, na usimruhusu fundi "azilazimishe". Kabla ya kulipa, funga moja mbele, zungusha usukani mpaka mwisho pande zote, uone kama inagusa breki au shokapu.

Tairi lenyewe chukua jipya, la kawaida la barabarani, siyo yale laini ya mashindano. Yale yanashika lami vizuri mno, lakini changarawe inayakata kashata (mpira wenye mistari unaogusa barabara) kama kisu kwenye papai. Mtumba sinunui tena. Niliwahi kununua pea moja, kashata bado nene, nikajiona mjanja. Nikishuka kutoka Kalinzi, la nyuma kulia likapasuka ubavuni. Nilipofuta tope nikakuta tarakimu nne mwishoni mwa maandishi ya DOT yaliyochapwa ubavuni mwa tairi: 1809. Maana yake wiki ya 18, mwaka 2009. Lile tairi lilikuwa na umri wa mtoto wa darasa la tano. Muuzaji alikuwa amelipaka rangi nyeusi likang'aa, na mimi sikuinama kusoma. Hata kwenye duka la matairi mapya, inama usome. Tairi linazeeka hata likiwa stoo.

Kama hela inatosha mawili tu, yafunge nyuma, hata gari likiwa la kuvuta mbele. Matako ya gari yakiteleza kwenye kona ya mvua, wengi wetu hatuwezi kuyarudisha. Wenye Subaru za kuvuta miguu yote hawana njia hiyo ya mkato: manne yafanane kimo, la sivyo difu ya kati, inayogawa nguvu mbele na nyuma, inachakaa.

Namba mbili, shokapu. Bonyeza kona ya gari kwa nguvu kisha achia. Likibembea zaidi ya mara moja au mbili, imekwisha. Ikitoka mafuta, usiulize. Nunua mpya za gesi, zenye ugumu wa kiwandani au zaidi kidogo tu. KYB zinajulikana, ila na feki zipo, kwa hiyo nunua kwa mtu utakayemkuta kesho. Sababu ya gesi ni ile barabara yenye mikunjo kama bati: shokapu inapanda na kushuka bila kupumzika, mafuta yanapata moto na kufanya povu, na baada ya kilomita kadhaa gari linaelea kama mtumbwi. Gesi inapunguza hilo povu. Badilisha mbili za mhimili mmoja kwa pamoja, na mpira wa kuzuia shokapu isigonge chini nao uwe mpya.

Tatu ni bushi (vipande laini kwenye viungo vya chini ya gari), boljointi na linki za stabilaiza, ile fimbo inayozuia gari lisilale kwenye kona. Havina sifa wala picha ya kupiga, lakini Altezza ina mikono miwili juu na chini kwa kila gurudumu, kwa hiyo bushi ni nyingi, na zikilegea hata shokapu mpya utaiona mbaya. Chagua za mpira. Zile ngumu za plastiki zinalia zikiingia vumbi, na sisi vumbi hatulinunui. Zifungwe siku ileile ya shokapu, usilipe ufundi mara mbili.

Spesa za kuinua gari, vile vipande vinavyofungwa juu ya springi au shokapu, naziweka nne. Sentimita mbili zinasaidia kwenye makorongo. Zikizidi hapo, viungo vinapinda vibaya na Subaru inaanza kuchana mipira inayofunika CV, viungo vya ekseli za magurudumu.

Nafasi ya mwisho nawapa springi fupi na koilova (shokapu na springi pamoja, zenye nyuzi za skrubu za kubadili kimo) za bei rahisi. Nafasi ya shokapu kupanda na kushuka inapungua, inagonga mwisho kila shimo, magurudumu yanalala ndani na matairi yanaliwa upande mmoja. Nyuzi za koilova nazo zikipata tope la Kalinzi zinashikana, mpaka uzipige nyundo. Zangu niliziuza kwa kijana mmoja wa Ujiji, nikamwambia ukweli wote, akachukua hivyohivyo.

Ukishafunga kila kitu, endesha siku chache springi zitulie, kisha nenda alaimenti, yaani kunyoosha mwelekeo wa magurudumu. Mwambie fundi magurudumu ya mbele yaende sawa karibu na sifuri, ya nyuma yaelekee ndani kidogo sana. Upepo fuata kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva, upime matairi yakiwa baridi. Kwenye vumbi mimi nashusha mpaka psi 28, na nina kipampu kidogo cha kuchomeka penye kiberiti cha gari, kwa sababu nikirudi kwenye lami narudisha upepo kabla ya kona ya kwanza.