Maktaba ya EQUATOR: tathmini kwa anayeandaa mswada wa jarida la tiba

Watafiti wengi hulisikia jina EQUATOR, maktaba ya mtandaoni ya miongozo ya kuandika tafiti za afya, kwa mara ya kwanza mahali pasipofaa kabisa, yaani kwenye ukurasa wa mwisho wa mfumo wa kuwasilisha miswada, pale jarida linapodai orodha hakiki iliyojazwa, yaani jedwali la mambo ambayo mswada unapaswa kuyaeleza, kabla ya kuruhusu mswada utumwe. Wakati huo uchambuzi umekwisha, waandishi wenza wamesharidhia, na hakuna aliye tayari kurudi nyuma. Mwandishi hupakua jedwali, hujaza namba za kurasa kwa haraka, hulipakia, na hubaki akiamini kwamba EQUATOR ni kero nyingine ya majarida. Nimeitumia tovuti hii katika kuandaa miswada ya aina mbalimbali, na maoni yangu ni kwamba hakuna huduma ya bure inayomsaidia mwandishi wa tiba kuizidi, ila msaada wake hupungua kadiri mtu anavyochelewa kuifungua.

EQUATOR ni mtandao wa kimataifa unaoshughulikia ubora na uwazi wa uandishi wa tafiti za afya. Kazi yake ilianza mwaka 2006 na ukazinduliwa rasmi mwaka 2008. Anayetajwa zaidi miongoni mwa waanzilishi wake ni Douglas Altman, mtaalamu wa takwimu wa Oxford aliyefariki mwaka 2018. Mwaka 1994 Altman alichapisha katika jarida la BMJ tahariri kali kuhusu utafiti duni wa tiba, akasisitiza kwamba kinachohitajika ni tafiti chache zilizo bora na zinazofanywa kwa sababu zinazostahili. Miaka miwili baadaye ukatoka mwongozo wa CONSORT kwa ajili ya majaribio ya tiba yanayowagawa washiriki kwa bahati nasibu, kisha miongozo ya aina nyingine za utafiti ikafuata, kila mmoja ukitungwa na kundi lake na kuchapishwa mahali pake. EQUATOR iliikusanya pamoja. Haimiliki miongozo yote hiyo wala haikuitunga yote, na ni vyema msomaji alijue hilo mapema, kwa sababu baadhi ya upungufu nitakaoutaja chimbuko lake ni hapo.

Kuingia ni rahisi. Hakuna malipo wala usajili. Ukurasa wa mwanzo unaweka mbele miongozo inayotumika zaidi: CONSORT kwa majaribio, STROBE kwa tafiti za uchunguzi (mtafiti anaangalia tu bila kuwapa washiriki tiba), PRISMA kwa mapitio ya kimfumo (yanayokusanya na kupima tafiti zote za swali moja), CARE kwa taarifa ya mgonjwa mmoja, STARD kwa tafiti za vipimo vya utambuzi, SRQR kwa tafiti za kimaelezo (za mahojiano na masimulizi badala ya namba), SPIRIT kwa itifaki za majaribio (mipango inayoandikwa kabla ya jaribio kuanza), ARRIVE kwa tafiti za wanyama. Mtu anayejua kwa hakika aina ya utafiti wake hupata anachokihitaji papo hapo.

Asiyejua hupata shida, na wasiojua ni wengi kuliko tunavyokiri. Nyuma ya miongozo hiyo michache ya mbele ipo mamia mingine, mingi ikiwa ni nyongeza za miongozo mikuu: CONSORT ya majaribio yanayogawa vijiji au vituo badala ya mtu mmoja mmoja, CONSORT ya majaribio ya awali, RECORD kwa data zilizokusanywa katika shughuli za kawaida za hospitali, TRIPOD+AI ya mwaka 2024 kwa mifumo ya kubashiri ugonjwa inayotumia akili bandia. Ukiandika neno la kawaida kwenye kisanduku cha kutafutia, orodha inayokuja ni ndefu, na mwongozo unaokufaa unaweza kuwa umekaa chini ya mingine isiyokuhusu. Ipo chati ya maswali inayomwongoza mtu hatua kwa hatua mpaka kwenye mwongozo wake, nayo ni nzuri, lakini hudhani kwamba msomaji anaweza kutofautisha utafiti unaofuatilia kundi la watu kwa muda na ule unaowalinganisha wagonjwa na wasio wagonjwa. Kwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili anayeandika mswada wake wa kwanza, ushauri wangu ni kumwona mtaalamu wa takwimu kwanza, amtajie jina sahihi la muundo wa utafiti wake, ndipo aifungue tovuti.

Thamani halisi ya huduma hii huonekana mtu anapokaa na mwongozo mmoja na kuusoma kipengele kwa kipengele. Nichukue STROBE, uliochapishwa mwaka 2007 ukiwa na vipengele 22. Kipengele cha kwanza tu kinadai muundo wa utafiti utajwe katika kichwa au ikisiri kwa jina linalofahamika, jambo ambalo waandishi wengi hulisahau ingawa mhariri analitafuta kabla ya kusoma chochote. Kipengele cha 10 kinadai ueleze idadi ya washiriki ilifikiwaje. Hapa ndipo mtu anapogundua kama alikuwa na mpango au alichukua waliopatikana. Kipengele cha 12 kinagusa mbinu za takwimu, na ndani yake kuna swali dogo ambalo limewakwamisha waandishi wengi: data zilizokosekana zilishughulikiwa vipi? Aliyeulizwa hivyo wakati wa kupanga utafiti hujibu kwa utulivu. Aliyeulizwa usiku wa kuwasilisha hana budi kurudia uchambuzi au kuandika sentensi isiyosema kitu.

Kipengele cha 13 ndicho ninachokipenda kuliko vyote, kwa kuwa kinabadilisha maandishi waziwazi. Tuseme, kwa mfano wa kubuni, mtafiti amepima shinikizo la damu la watu wazima, na mswada wake unasema: “Washiriki 400 walichambuliwa.” Sentensi hiyo haina kosa la lugha, lakini haimwambii msomaji hao 400 wametoka wapi. STROBE inataka idadi ya watu katika kila hatua pamoja na sababu za walioachwa. Akitii, sentensi inakuwa hivi: “Watu 520 waliombwa kushiriki, 61 walikataa, 38 hawakutimiza vigezo, na 21 walikosa kipimo cha pili cha shinikizo la damu, waliobaki na kuchambuliwa ni 400.” Sasa mpitiaji, yaani mtaalamu anayeukagua mswada kwa niaba ya jarida, anaweza kuuliza kama waliokataa walikuwa vijana zaidi, au kama waliokosa kipimo cha pili ndio waliokuwa na presha ya juu. Maswali hayo yatamsumbua mwandishi, lakini yanamlinda mgonjwa atakayetibiwa kwa kutegemea matokeo hayo. Na namba hizo haziwezi kutungwa baadaye: asiyeweka rejista ya waliokataa siku ya kukusanya data hatakuwa nazo kamwe.

Pamoja na orodha hakiki, miongozo mikubwa huwa na hati ndefu ya ufafanuzi inayoeleza kila kipengele kimewekwa kwa sababu gani na kutoa mifano kutoka makala zilizokwisha kuchapishwa. Watu wachache huifungua. Ningemshauri yeyote mwenye muda wa kusoma hati moja tu aisome hiyo na kuiacha orodha yenyewe, kwa kuwa orodha inakumbusha tu, ilhali ufafanuzi unafundisha. Mhadhiri anayesimamia wanafunzi atapata humo mifano ya sentensi za mbinu na matokeo ambayo vitabu vingi vya uandishi wa kitaaluma havinayo.

Upungufu wa kwanza ni suala la matoleo. CONSORT ilitoka mwaka 1996, ikarekebishwa mwaka 2001, kisha 2010 ikiwa na vipengele 25, na mwaka 2025 likatoka toleo jipya lenye vipengele 30. Toleo hilo limeongeza vipengele vipya saba na kuunda sehemu nzima ya uwazi wa kisayansi, inayodai mwandishi aseme itifaki na mpango wa uchambuzi vinapatikana wapi na data zitashirikishwa vipi. Nakala za jedwali la 2010 zimetapakaa kila mahali, katika kompyuta za ofisi na katika maelekezo ya kozi, na mtu aliyehifadhi jedwali la zamani anaweza kulijaza kwa uangalifu wote na bado akaacha mambo ambayo mhariri atayauliza. Tovuti inaonyesha toleo jipya, lakini isingekuwa taabu kuweka onyo kubwa zaidi kwenye kurasa za matoleo yaliyopitwa na wakati.

Upungufu wa pili unatokana na ule uhuru wa makundi yanayotunga miongozo. Kurasa za maktaba zinafanana kwa mpangilio, ila kilichomo nyuma ya viungo hakifanani. Mwongozo mmoja una jedwali la kujaza moja kwa moja kwenye programu ya kuandikia, mwingine una faili la PDF lisiloandikika, na mwingine unakupeleka kwenye makala ndefu ambamo unapaswa kuinakili orodha mwenyewe. Lugha ya miongozo nayo ni Kiingereza kizito cha kitaaluma, na maneno kama upendeleo wa uteuzi au vigezo vinavyochanganya matokeo hayafafanuliwi ndani ya orodha yenyewe.

Nirudi kwenye ile safu ya namba za kurasa, maana ndipo waandishi wengi wanapoichukia huduma hii bila ya kosa lake. Orodha hakiki huuliza kila kipengele kiko ukurasa wa ngapi. Mwandishi hujaza kwa kutazama faili lake, kisha mfumo wa jarida hugeuza kila kitu kuwa PDF moja, huanza na ukurasa wa jalada, husogeza majedwali mwisho, na namba zote hupotoka. Jarida moja liliwahi kunirudishia mswada kwa sababu hiyo tu, kabla haujafika kwa mhariri wa kitaaluma. Njia iliyonifaa ni kuandika jina la sehemu na aya, mathalani “Mbinu, aya ya 3”, badala ya namba ya ukurasa, isipokuwa pale jarida linapodai kurasa waziwazi. Hapo nasubiri faili la mwisho litengenezwe na mfumo, nalikagua, kisha najaza jedwali na kulipakia upya kabla ya kuidhinisha.

Yako mambo ambayo maktaba hii haikuundwa kuyafanya, na si haki kuilaumu kwayo. Haichagui jarida. Haikuambii kama jarida lililokutumia barua pepe ya kukusifu ni la kitapeli. Kwa hilo ipo orodha ya maswali ya Think. Check. Submit. Haisuluhishi ugomvi wa nani awe mwandishi, ambao unaamuliwa kwa vigezo vinne vya Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Tiba, ICMJE: kuchangia kwa kiasi kikubwa katika wazo, data au uchambuzi, kuandika au kuhariri kwa kina, kuidhinisha toleo la mwisho, na kukubali kuwajibika kwa kazi nzima, vyote vinne kwa pamoja. Wala haiwezi kuliokoa jaribio la tiba ambalo halikusajiliwa kabla ya mshiriki wa kwanza kuandikishwa, sharti ambalo majarida ya ICMJE yamelishikilia tangu mwaka 2005.

Jambo la kusikitisha zaidi ni jinsi wengine wanavyoitumia orodha kama karatasi ya kutoa alama. Wapo wapitiaji wanaohesabu vipengele vilivyotimizwa na kutangaza kwamba utafiti ni bora au duni, ilhali waliotunga STROBE walisema bayana kwamba haikukusudiwa kupima ubora wa utafiti. Utafiti mbovu unaweza kuelezwa kwa uwazi kamili, na hapo mwongozo umefanya kazi yake yote, kwa sababu msomaji ameuona ubovu. Kwa mwandishi, maana yake ni kwamba kipengele ambacho hukukitimiza kiandikwe hivyo hivyo. Nimeona wahariri wakipokea vizuri sentensi kama “hatukukokotoa idadi ya washiriki mapema, tulitumia kumbukumbu zote zilizokuwepo kwa kipindi hicho” kuliko alama ya tiki iliyoelekeza kwenye aya isiyo na jibu.

Kwa hiyo ningempendekezea huduma hii nani? Anayeandika itifaki kwanza, kwa kuwa bado ana nafasi ya kurekebisha. Msimamizi wa wanafunzi pili. Aliyekwisha andika rasimu ya kwanza atafaidika pia, mradi awe tayari kurudi kwenye data. Anayehitaji jedwali la kupakia leo usiku atalipata, bila gharama, na kazi yake itapita hatua ya ukaguzi wa awali.

Kwa wanaoiendesha nina maombi mawili: mwaka wa toleo uandikwe kwa herufi kubwa juu ya kila orodha inayopakuliwa, ndani ya faili lenyewe, ili nakala iliyokaa miaka mitano kwenye kompyuta ijitaje umri wake, na kila mwongozo mkuu uwe na jedwali linaloandikika, lenye safu ya “sehemu na aya” sambamba na ile ya ukurasa.