Mashujaa wa Vita Kwenye Runinga: Vibonzo vya 1966 na vya 2002

Captain America, shujaa wa vitabu vya katuni vya Marekani, alibuniwa mwaka 1940 na Joe Simon na Jack Kirby, na jalada la toleo lake la kwanza, la Machi 1941, lilimwonyesha akimtandika Hitler ngumi ya taya. Vibonzo vyake vya runinga vya mwaka 1966, kazi ya studio ya Grantray-Lawrence, vilichukua picha zilezile za vitabu vya katuni vya miaka ya 1960 na kuzichezesha kidogo tu: mdomo unafunguka, jicho linapepesa, ngao inakatiza angani ilhali mwili umeganda kama sanamu. Ni kazi ya bei nafuu, tena inachekesha, lakini mkono wa Kirby unaonekana waziwazi.

Justice League, vibonzo vya runinga kuhusu kundi la mashujaa, katika hadithi yake ya sehemu tatu ya mwaka 2002 kuhusu Vita Kuu ya Pili, ilichora kila kitu upya. Mwendo ni laini zaidi. Hata hivyo, Hitler amegandishwa kwa baridi kali ili Vandal Savage, mhalifu wa kubuni, ashike nafasi yake. Mtoto anapata vita visivyomtisha sana, ila kwa maoni yangu adui halisi amesukumwa pembeni, jambo ambalo jalada la 1941 lilikataa kulifanya.