TAHADHARI: Waya wa mota ya boti unaouzwa kama shaba, ndani ni alumini

Wadau wenye boti za kuvulia, kama unataka kubadilisha waya wa mota yako ya umeme, ile ndogo ya omo (mbele ya boti), soma kwanza. Kuna muuzaji wa mtandaoni anayeuza seti nzima: waya mwekundu na mweusi, lagi zake (vichwa vya kuungia waya), na breka ya ampea 60 (swichi inayokata umeme ukizidi). Tangazo linadai ni shaba tupu iliyopakwa bati, milimita 16 za mraba. Seti zake zilizopita mikononi mwangu hazina hata moja kati ya hayo. Ni alumini iliyovishwa utando mwembamba wa shaba, na ukichuna lile ganda nene unakuta waya wenyewe ni kama milimita 10 za mraba tu.

Kuna atakayesema alumini nayo inapitisha umeme. Inapitisha, ila waya wa aina hii haufikii hata theluthi mbili ya uwezo wa shaba ya unene uleule. Piga hesabu: mota ya volti 12 ikiwa kasi ya mwisho inaweza kuvuta ampea 50. Betri ziko tezi (nyuma), mota iko omo, tuseme mita 6 kwenda na 6 kurudi. Kwa shaba halisi ya milimita 16 unapoteza takriban volti 0.65 njiani. Kwa waya wa huyu bwana ni kama volti 1.6. Betri ikitoa 12.5, mota inaambulia chini ya 11, na wati 80 hivi zinageuka joto ndani ya mbao na fiberi ya boti yako. Watu wanalaumu betri, wananunua nyingine, na tatizo liko palepale.

Maji ya chumvi ndiyo yanamaliza kazi. Shaba na alumini zikigusana penye unyevu, alumini inaliwa na kuacha unga mweupe ndani ya lagi. Halafu alumini ikibanwa hulegea polepole, muunganiko unapata moto, unalegea zaidi.

Kuitambua si kazi. Kwangua uzi mmoja kwa kisu. Shaba iliyopakwa bati ni nyeupe juu, nyekundu ndani. Ukikuta nyekundu juu na nyeupe ndani, au nyeupe mpaka katikati, umepigwa. Kipimo ninachokiamini zaidi ni mizani: mita moja ya shaba ya milimita 16, bila ganda, ina uzito wa gramu 143 hivi. Ya alumini iliyovishwa shaba haifiki 65 hata ikiwa na unene kamili. Sumaku usihangaike nayo (muuzaji anapenda sana kuonyesha video yake), maana haivuti shaba wala alumini.

Breka yake nayo haina maandishi ya volti wala alama ya kuonyesha inafaa kwa umeme wa DC, yaani wa betri. Mbaya zaidi, karatasi ya maelekezo inasema uifunge omo, karibu na mota. Hapo waya wote kutoka kwenye betri unabaki bila kinga. Breka inakaa upande wa betri. Viwango vya ABYC, baraza la boti la Marekani, vinataka iwe ndani ya inchi 7, takriban sentimita 18, kutoka kwenye betri kama waya hauna ala ya kuukinga.

Ukimuuliza milimita ngapi anakujibu "namba 6", yaani geji ya Kimarekani na si milimita, na kubadilisha mada. Ukilalamika, anasema waya uliokatwa haurudishwi, kisha anakuahidi nusu ya pesa ukifuta maoni yako. Usikubali kumalizana naye faragha.

Kama tayari unayo, usiipeleke majini. Piga picha ya uzi uliokwanguliwa na ya mizani, pamoja na tangazo lenyewe kabla hajalihariri, ufungue malalamiko kwa waliopokea malipo yako. Anabadilisha jina la duka mara kwa mara, lakini picha ya waya ni ileile: rola mbili juu ya meza ya kijivu, na maandishi ya ganda yamefunikwa kwa kidole.